Mbwa wa nyanya yangu, jina la Basenji, na safari ya Uingereza

MwalimuBahati (Nakuru)

Habari zenu wote. Ninafundisha shule ya msingi huku Bahati, na nimewaletea swali ambalo limenikosesha raha wiki ya pili sasa.

Nina mbwa jike anaitwa Sifa. Nilimtoa kwa nyanya yangu Shinyalu, karibu na msitu wa Kakamega, Desemba mwaka juzi, akiwa mdogo wa kutosha kwenye kiondo. Njia nzima hadi Nakuru hakulia hata mara moja, mpaka jirani yangu kwenye matatu akaniuliza kama nimebeba kuku. Ni mwekundu kama udongo wa huko kwetu, kifua cheupe, soksi nyeupe miguu yote minne, na ncha ya mkia nyeupe. Masikio yamesimama. Mkia umejiviringa ukalalia nyonga ya kulia. Akishangaa kitu, paji la uso linakunjamana kama la mzee anayesoma barua. Kubweka kwake ni nadra, labda mara mbili kwa wiki, usiku. Nikirudi kutoka shuleni hutoa sauti ndefu inayopanda na kushuka, nami sijawahi kuisikia kwa mbwa wa majirani.

Mwezi uliopita mwanamume mmoja anayeuza mbwa alimwona langoni akasimamisha pikipiki. Akaniambia huyo ni Basenji halisi, na kwamba akizaa atanunua kila mtoto kwa shilingi 15,000, mradi nikubali waandikwe Basenji kwenye tangazo. Sijawahi kusikia jina hilo. Nikaingia kwenye intaneti, nikakuta picha za mbwa wanaofanana na Sifa kama ndugu wa tumbo moja, wengine wako Uingereza, wengine Marekani, wana vyeti na wanashindana kwenye maonyesho. Wanasema asili yao ni Kongo.

Naomba kuuliza. Je, Sifa ni Basenji? Na mbwa wa kijijini, aliyekuwa akilala kwenye jivu la jikoni kwa watu wa Kongo, alifikaje Ulaya akawa mbegu yenye kitabu chake? Na tatu, hili ndilo linaloniuma: nilipomtajia nyanya jina hilo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Nani mshenzi?" Sikuwa na jibu.

---

Akinyi_Nyalenda (Kisumu)

Dada Mwalimu, pole, na tafadhali usikubali maneno ya huyo wa pikipiki kabla hujasikia yangu. Miaka miwili iliyopita nililipa 20,000 hapa Kisumu kwa dume niliyeambiwa ni Basenji, mbwa asiyebweka. Nilimtaka kwa sababu nina mtoto mgonjwa anayehitaji usingizi. Alipofika miezi saba alianza kubweka kuanzia saa nne za usiku hadi adhana. Nikampigia muuzaji, simu imezimwa, na mpaka leo haijawashwa. Baadaye nikagundua mama yake ni mbwa wa kawaida kabisa wa kibanda cha samaki huko ufuoni.

Mbwa mwenyewe simlaumu, bado niko naye, ni mwaminifu, na mtoto wangu anampenda. Kilichoniumiza ni kwamba mtu alijua ninachotafuta na kwa nini, akanidanganya machoni.

---

AfisaMstaafu (Webuye)

Mwalimu, nimesoma swali lako mara mbili kisha nikainuka kutafuta daftari langu. Nilifanya kazi ya mifugo miaka 31. Nilianzia Lugari, nikaenda Kimilili, nikamalizia hapa Webuye. Kazi yetu ilikuwa ng'ombe. Mbwa walituhusu siku ya chanjo ya kichaa tu, basi. Lakini mimi nimewapenda tangu nikiwa mtoto wa kuchunga, na habari za Basenji nimezifuatilia miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo iliyomnyamazisha nyanya yako.

Nianze na jina, maana nyanya amesikia sawasawa. Neno ni letu. Watu wa misafara kutoka pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na neno likaingia Kongo pamoja na Kiswahili. Kule kiambishi cha watu wengi ni ba-, kwa hiyo washenzi wakawa basenji, na wasemaji wa Kilingala nao wakalichukua. Mbwa wa basenji, maana yake mbwa wa wale watu wa vijijini, wa porini. Wageni walipouliza huyu ni mbwa gani, hilo ndilo jibu walilopewa, na likawa jina. Sasa limeandikwa kwenye vyeti vya mbwa duniani kote. Mimi linaniuma kama linavyomuuma nyanya yako, kwa sababu mbwa huyo alikuwa mbwa wa kazi na watu wake walikuwa mafundi. Walimfunga kengele ya mti shingoni, akaingia kichakani kimya, na sauti ya kengele ikawaonyesha anakowasukuma wanyama kuelekea kwenye nyavu. Babu yangu huku Bukusu alifanya jambo linalokaribiana na hilo. Embwa wake wa kuwindia paa alivaa njuga ya chuma, na alipotoka bila njuga alijua siku hiyo hakuna kazi.

Je, Sifa ni Basenji? Hapana, Mwalimu. Usimwite hivyo mbele ya mtu anayetoa pesa. Basenji ni jina la ukoo ulioandikwa: mama huyu, baba huyu, babu huyu, mpaka unafika kwa mbwa fulani waliotolewa Kongo na Sudan. Sifa hayumo kwenye kitabu hicho. Lakini picha hazikukudanganya pia. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha utafiti wa damu ya mbwa wa vijijini wa Misri, Namibia na Uganda, Uganda hii hapa jirani. Waliwalinganisha na mbwa wenye vyeti ambao husemwa ni wa Kiafrika. Basenji alionekana wazi kuwa wa asili ya Afrika, anakaa upande mmoja na mbwa wa vijiji. Kwa hiyo kama Sifa hana mchanganyiko mwingi wa mbwa wa kizungu, yeye na Basenji ni binamu wa mbali. Hilo unaweza kulisema bila aibu.

Sasa safari. Watu hudhani walimpenda, wakampakia melini, yakaisha. Sivyo. Walijaribu zaidi ya miaka 40 na mbwa wakafa.

Wa kwanza walifika Uingereza mwaka 1895. Walionyeshwa kwenye yale maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts, wakiitwa mbwa wa msituni wa Afrika. Muda si mrefu walikufa kwa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting akatoa sita Sudan. Wakavumilia safari, wakavumilia karantini, kisha wakachanjwa dhidi ya distempa kwa chanjo ya siku zile, iliyokuwa bado ya majaribio. Wote sita wakafa kwa chanjo.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye jibu la swali lako. Mnajua distempa? Mbwa anatoa makamasi mazito na macho yanajaa usaha, anakohoa, anaharisha, na akipona hayo anaanza kutetemeka taya na kuanguka kifafa. Ni kirusi. Hapa kwetu kipo. Mwaka 1994 kiliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na kilidhaniwa kilitoka kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa wa msituni Kongo, kwenye kijiji kilicho mbali na barabara na bandari, huenda mama yake na nyanya yake hawakukutana nacho kamwe. Mwilini mwake hana silaha yoyote dhidi yake. Unamshusha London, mji wa mbwa maelfu. Anaishi siku ngapi?

Mbegu ikienda nchi ngeni, mtihani wake wa kwanza ni ugonjwa. Sura na akili vinakuja baadaye sana.

Ndipo ikafika miaka ya 1930. Mwingereza mmoja, Olivia Burn, alileta mbwa kutoka Kongo na baadhi wakaishi. Bongo, Bokoto, Bereke, hayo ndiyo majina yao, na karibu kila Basenji wa zamani ukifuata nasaba yake unagonga hapo. Mwaka 1937 aliwapeleka Crufts na watoto wao, na umati ukajaa kuwaangalia. Mwaka 1939 wapenzi wao wakaunda chama. Kisha vita vikaja na chakula kikawa cha mgao, na kulisha mbwa wakati watu wanapimiwa mkate ilikuwa taabu. Mwanamke mmoja, Veronica Tudor-Williams, aliendelea kuwazalisha miaka yote hiyo ya vita. Bila yeye pengine tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Marekani ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka huo wa 1937 Bi. Byron Rogers wa New York aliagiza mbwa na wakafa kwa distempa wote, isipokuwa dume mmoja mzima anayeitwa Bois. Dume mmoja bila jike hawezi kusimamisha mbegu, Mwalimu. Alikaa peke yake.

Halafu mwaka 1941 meli ikatia nanga Boston ikitoka Afrika Magharibi na shehena ya kahawa. Walipofungua chumba cha mizigo wakakuta mbwa jike mdogo mwekundu, amekonda amebaki mifupa. Hakuna aliyejua aliingiaje. Watu wa shirika la kutunza wanyama wakamchukua, na Alexander Phemister alipomwona akamtambua kuwa ni wa aina ileile. Akampa jina Congo. Akamtafuta Bois. Watoto waliozaliwa na hao wawili ndio wa kwanza kukuzwa Marekani mpaka wakawa mbwa wazima.

Kila nikifika hapo kwenye daftari langu nasimama kidogo. Jike aliyejifungia mwenyewe kwenye kahawa, na dume aliyenusurika peke yake. Daktari mmoja wa Kanada, Richmond, naye akaagiza wengine kutoka Uingereza, damu ikaongezeka. Mwaka 1942 wakaunda chama chao, na mwaka uliofuata kitabu cha nasaba cha Marekani kikawakubali.

Jicho limechoka. Nitaendelea kesho, maana hujaambiwa bado gharama iliyokuja baadaye.

---

Kamau_Molo

Mzee Afisa, ahsante sana. Naomba niongeze la upande wetu wakati unapumzika.

Baba yangu alichunga kondoo kwenye shamba la mzungu hapa Molo kabla ya Uhuru. Alikuwa akituhadithia mbwa watatu wa shamba lile. Wawili walikuwa Alsesheni. Wa tatu alikuwa mkubwa, rangi ya ngano, na nywele za mgongoni zimelala kinyume, zinaelekea kichwani. Baba alimwita "mwenye mstari". Nilipokua nikajua ni Ridgeback.

Nikaja kusoma kwamba huyo mwenye mstari alitokana na mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika waliochanganyika na mbwa wa walowezi, na kwamba mwaka 1922 pale Bulawayo Francis Barnes aliita wenye mbwa wa namna hiyo, wakaandika kwa mara ya kwanza anavyotakiwa kuwa. Na Alsesheni ni Mjerumani: Max von Stephanitz alimnunua dume anayeitwa Horand mwaka 1899, akamwandika wa kwanza kitabuni, akaunda chama mwaka huohuo. Waingereza ndio waliombadilisha jina baada ya vita vya kwanza, kwa sababu hakuna aliyetaka kusikia la Kijerumani, na hawakulirudisha mpaka 1977. Sisi huku Molo bado tunasema Alsesheni.

Swali langu kwa Mzee: hawa walikuja kwetu wakasimama. Kwa nini wao waliweza upesi hivyo?

---

Otieno_Ahero

Mimi nitasema ukweli wa wengi. Mzee namheshimu, na historia ni tamu. Lakini mwalimu wa shule ya msingi akiambiwa 15,000 kwa kila mtoto, na mbwa azae watano, hiyo ni karo ya mwaka. Mnunuzi anataka mbwa mwekundu mwenye mkia uliojikunja, na anampata. Nani ameumia?

---

Akinyi_Nyalenda (Kisumu)

Mimi. Nimeandika hapo juu.

---

AfisaMstaafu (Webuye)

Nimerudi. Nimjibu Kamau kwanza.

Hawakusimama upesi, ndugu yangu. Walikufa wengi, ila walioleta walikuwa na uwezo wa kuleta wengine. Nilipokuwa Lugari, meneja mmoja wa shamba alileta Alsesheni wawili kutoka Nairobi, dume na jike, wazuri kupita kiasi. Mvua za Aprili zilipoanza kupe wakazidi. Aliniita Jumamosi. Jike alikuwa amelala chini ya pikapu, fizi nyeupe kama karatasi, na mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Homa ya kupe. Dawa niliyokuwa nayo ilikuwa ya ng'ombe, nikakisia kipimo, nikamchoma. Alikufa usiku huo. Dume alifuata baada ya siku tisa. Na pale pale, kwenye vumbi lilelile, walikuwa wamelala mbwa watatu wa wafanyakazi, kupe wamejaa masikioni kama mbegu za mbarika, na hawakuwa na habari. Wao na mama zao walikuwa wameonana na ugonjwa huo tangu utotoni. Walioshindwa walikuwa wamekufa zamani wakiwa wadogo, bila mtu kuhesabu.

Hiyo ni distempa ya London imegeuzwa upande mwingine. Sijamsahau yule jike. Ningejua kipimo sawasawa pengine angeishi.

Na huyo mwenye mstari wako, Kamau, alipimwa kwenye utafiti ule ule wa 2009. Damu yake nyingi ilionekana si ya Afrika. Mstari wa mgongo ndio aliourithi huku, mengi mengine yalitoka Ulaya na walowezi. Basenji ndiye aliyebaki wa huku.

Lakini kubaki huko kulikuwa na gharama. Fikirini hesabu: mbegu nzima ya Uingereza na Marekani ilisimama juu ya mbwa wachache, pengine hawazidi idadi ya kuku wa boma moja. Kaka akampanda binamu, mjukuu akampanda shangazi. Ng'ombe tunawajua: ukitumia fahali mmoja kijiji kizima miaka kumi, ndama wanaanza kuonyesha. Tudor-Williams aliliona hilo mapema. Mwaka 1959 alisafiri mwenyewe kusini mwa Sudan, ambako sasa ni nchi ya Sudan Kusini, akatafuta vijijini mpaka akapata jike mmoja mwekundu anayeitwa Fula. Damu ya huyo Fula imeenea mpaka leo kwa karibu Basenji wote. Ilisaidia, lakini alikuwa mmoja.

Kisha magonjwa ya ukoo yakajitokeza. Kwanza upungufu wa damu unaoua mbwa wakiwa bado na umri mdogo. Miaka ya 1970 kikapatikana kipimo, wafugaji wakapima, na waliobeba ugonjwa wakatolewa kwenye uzazi. Walifanya vizuri, ugonjwa ukakaribia kwisha. Ila kundi lililokuwa dogo likawa dogo zaidi, na ugonjwa mwingine uliokuwa umejificha kwa waliobaki ukapata nafasi. Unaitwa Fanconi. Figo zinavuja, sukari na madini yanatoka na mkojo wakati damu haina tatizo la sukari. Mbwa anaanza kunywa maji bila kukoma akiwa na miaka minne, mitano, sita hivi, na wakati huo ameshazaa. Ndiyo maana ulienea. Wafugaji walijifunza kuchovya kila mwezi vile vijiti vya kupimia sukari, kama wanavyotumia wagonjwa wa kisukari, kwenye mkojo wa mbwa zao. Kipimo cha vinasaba kilikuja 2007 kikiwa cha kukisia kwa alama zilizo karibu na kasoro yenyewe kwenye vinasaba, na 2011 kikaja cha moja kwa moja.

Watu wachache wakasema waziwazi kwamba dawa iko kule walikotoka. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani, wakiwamo Jon Curby na Michael Work, waliingia Zaire, wakaenda vijiji vya mbali na barabara, wakarudi na mbwa, wengine wenye milia kama ya pundamilia aliyefifia, rangi ambayo haikuwamo kwenye kundi la Marekani. Chama kikubwa cha Marekani, ambacho kitabu chake kilikuwa kimefungwa, yaani hakikuandika mbwa ambaye wazazi wake hawamo, kilikubali mwaka 1990 kukifungua na kuwaandika hao wageni. Kikafunguliwa tena kwa miaka michache hadi 2013. Hebu fikiria, Mwalimu. Mbwa waliopewa jina la ushenzi, waliolala kwenye jivu, ndio walioitwa kuja kuokoa wajukuu wao wenye medali.

Sasa Otieno. Karo naijua, nimelipia watoto sita. Sikumwambia Mwalimu asiuze. Nasema auze kilicho chake. Aseme: hawa ni mbwa wa Shinyalu, mama yao ndiye huyu umemwona, baba yao ni yule, wamechanjwa kichaa na distempa na pavo, kile kirusi cha kuharisha damu, kadi hizi hapa. Mtu atatoa 3,000, mwingine 5,000, na atarudi. Dada Akinyi alitoa 20,000 na mtoto wake hapati usingizi. Unauliza nani ameumia wakati amekwisha kujitaja.

Tena kuna madhara mengine. Ukimwita Sifa Basenji, unaanza kumtafutia dume "Basenji" mwingine wa uongo, pengine kaka yake aliyeletwa na huyo huyo wa pikipiki. Yote yaliyowapata kule miaka 50 utayaleta Bahati kwa miaka mitano.

Mwalimu, kama unataka kufanya jambo, chukua daftari la mistari, lile la shilingi 50. Andika ukurasa wa Sifa. Tarehe aliyozaliwa, au mwezi. Mama yake ni nani, rangi gani, bado yuko hai? Alikufa na nini? Pima urefu begani na uzito. Basenji wa kitabuni ni karibu sentimita 40 begani kwa jike, 43 kwa dume, kilo 10 au 11. Utaona mwenyewe yuko wapi. Andika kila anapoingia kwenye joto, yaani anapotaka dume. Hili ni muhimu: Basenji jike huingia mara moja kwa mwaka, mbwa wengi wa kizungu mara mbili. Wa kwetu je? Mimi katika miaka 31 sikuwahi kuandika hata mmoja, na najuta. Niliandika maelfu ya ng'ombe.

---

Kamau_Molo

Mzee, hilo la joto ningependa sana kulijua. Nina majike wawili wa kienyeji hapa, nami nitaanza kuandika leo. Nairobi kuna East Africa Kennel Club wanaoandikisha mbwa wenye mbegu zinazotambulika, ila wa kwetu hawana ukurasa. Daftari ndilo tulilonalo.

---

MwalimuBahati (Nakuru)

Wote ahsanteni. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda Shinyalu wikendi.

Mwanamume wa pikipiki nilimpigia Alhamisi, nikamwambia Sifa hatazaa Basenji. Alisema nitajuta. Sawa.

Nilimpima Sifa kwa rula ya ubaoni na mizani ya duka la mahindi, mwanafunzi wangu mmoja akamshikilia. Sentimita 42 begani. Kilo 12 na nusu. Kadi ya chanjo ya kichaa ninayo. Distempa na pavo alikuwa hajapata, amechomwa Jumatatu. Joto aliingia Machi mwaka jana na Machi mwaka huu, nakumbuka kwa sababu mara zote mbili yalikuwa majuma ya mitihani na madume walilala langoni. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka, Mzee, ingawa ni miaka miwili tu.

Nyanya nilimkalisha chini ya mparachichi nikamsomea maneno yako yote kuhusu jina. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mbwa hawa kwao hawakuwahi kuitwa jina la mtu mwingine, waliitwa mbwa tu, na kila mmoja jina lake. Akaanza kuwataja. Mama wa Sifa ni Nafula, alizaliwa wakati wa mvua, aliumwa na nyoka mwaka huu wa Februari akafa. Mama wa Nafula alikuwa Tabu, mweusi mwenye kifua cheupe, aliishi miaka mingi, alikufa kwa uzee jikoni. Mama wa Tabu aliletwa na marehemu babu kutoka kwa shemeji yake upande wa Malava, kwa kubadilishana na jogoo. Baba wa Sifa ni dume la jirani wa bondeni, mwekundu, bado yuko hai, nilimpiga picha. Baba wa Nafula hakumbuki, lakini amesema kuna mzee upande wa Khayega ambaye lazima atajua, kwa sababu dume lilikuwa lake na waligombana juu ya kuku.

Nimeandika yote. Kurasa tatu. Likizo ya Agosti nitakwenda Khayega kumwona huyo mzee.